Ulikulia Wapi, Ulioga Wapi?

Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 240 walioingizwa mpira wenye kamera kupitia kooni. Walikuwa wakitapika damu, au wakiitoa chooni ikiwa nyeusi, na kamera ilitafuta inakotoka. Ulaya orodha ya namna hiyo huongozwa na vidonda vya tumbo. Bugando vidonda vilikuwa robo tu. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikutwa na mishipa ya damu ya umio iliyovimba, ile ambayo ikipasuka mtu hujaza beseni kwa dakika chache. Na hawakuwa wazee. Sita katika kila kumi walikuwa na miaka 40 au chini ya hapo, umri wa mtu kuwa shambani, ziwani, au mbioni kutafuta ada za watoto.

Yapo mambo kadhaa yanayoweza kuvimbisha mishipa hiyo. Pombe ikishaliharibu ini, inaweza. Homa ya ini ya B inaweza, nayo si ngeni nchini. Lakini mgonjwa akiwa mtu wa mwambao wa ziwa, daktari wa Mwanza hufikiria kichocho cha tumbo kabla hajamaliza kuvaa glovu. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba kamera ikiwa kwenye umio haioni mnyoo hata mmoja. Mnyoo uko mbali na hapo, ndani ya mishipa midogo inayouzunguka utumbo, na huenda umeshakufa. Kinachoonekana kwenye skrini ni matokeo ya kazi yake ya miaka kumi au kumi na mitano.

Simiyu inahusika moja kwa moja. Mtu wa Bariadi akitapika damu na kupewa rufaa ya Bugando, gari hushuka hadi Lamadi, likapita Nyashimo na Magu, kando ya maji yaleyale ambayo huenda ndiyo yaliyompa ugonjwa.

Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ukakusanya Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, Busega kutoka Mwanza, na Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Katika wilaya hizo tano, Busega peke yake ndiyo inayogusa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Zilizobaki ni nchi ya pamba, ng'ombe, mito ya msimu na malambo. Mpaka huo wa kijiografia ndio pia mpaka wa magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kwenye mwambao wa ziwa anaishi konokono wa jamii ya Biomphalaria, anayebeba kimelea cha Schistosoma mansoni, yaani kichocho cha tumbo. Kwenye malambo na madimbwi ya bara anaishi Bulinus, anayebeba Schistosoma haematobium, kichocho cha mkojo. Bulinus wa Usukumani ana ustadi wake: lambo likikauka hujizika kwenye tope na kulala kiangazi kizima, mvua za kwanza zikianguka anaamka na kuendelea na maisha. Anayedhani kiangazi kimeua ugonjwa amedanganyika.

Kwa hiyo mtoto wa Lamadi ziwani na mtoto wa Mwanhuzi, huko Meatu, kwa kawaida hawaugui kichocho kimoja. Lakini watu hawakai mahali pamoja kama konokono. Kijana wa Itilima huenda kuvua Busega msimu mmoja akarudi, mfugaji hufuata malisho, mfanyabiashara wa dagaa hulala mwaloni. Bariadi, makao makuu ya mkoa, iko katikati ya mikondo hiyo yote, na daktari wa hapo anaweza kukutana na vichocho vyote viwili kwa asubuhi moja, hata ndani ya mtu mmoja.

Namna ya kuambukizwa inajulikana na wengi kwa juujuu, ila maelezo yake madogo ndiyo yenye faida. Kinyesi chenye mayai kikifika majini, yai hupasuka, kiumbe kilichomo humtafuta konokono na kuingia mwilini mwake. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga vimelea vidogo vyenye mkia, maelfu kwa siku, hasa jua linapopanda kuelekea adhuhuri. Vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache. Sasa jiulize nani yuko majini saa hizo: mama anayefua, watoto waliotoka shule, mvuvi anayesukuma mtumbwi, mkulima wa mpunga aliyezama magotini kwenye jaruba. Vimelea hivyo visipopata ngozi hufa kwa siku moja au mbili, ndiyo maana maji yaliyochotwa na kuwekwa kwenye pipa kwa siku mbili hayaleti kichocho, ingawa kwa kunywa bado yanahitaji kuchemshwa.

Vikishaingia mwilini husafiri na damu, hupita mapafuni, hukomaa ndani ya ini, kisha dume na jike hushikamana na kuhamia kwenye mishipa ya utumbo. Huko wanaweza kuishi miaka, na jike hutaga mayai hadi mamia kwa siku. Karibu nusu ya mayai hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo. Nusu nyingine hukwama. Mengine hukwama hapohapo utumboni, mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na kila yai lililokwama mwili hulizingira, ukaacha kovu. Makovu yakizidi kwenye ini, damu inayotoka utumboni hukosa pa kupita. Aliyelima mpunga anajua mfereji ukizibwa maji hufanya nini: hupanda, hutafuta kingo dhaifu na kubomokea pembeni. Damu hufanya hivyohivyo, inageukia mishipa myembamba ya umio ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo, na wengu nao hukua mpaka tumbo upande wa kushoto linashikika gumu.

Ukitaka kuuona ugonjwa mahali ulipoanzia, kamera iingie upande wa pili, kupitia njia ya haja kubwa. Hicho ndicho kipimo cha kolonoskopi. Mgonjwa hukaa siku moja kwa maji na supu isiyo na kitu, hunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe maji masafi, kisha hulazwa ubavu wa kushoto, mara nyingi akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Mpira wenye taa na kamera, mrefu wa kama mita moja na nusu, hupitishwa taratibu huku hewa kidogo ikipulizwa kuutanua utumbo. Kuna kukereka na gesi nyingi, na kuna aibu, ambayo kwa wengi ndiyo maumivu makubwa kuliko yote. Hatari ya utumbo kutoboka ipo lakini ni ndogo.

Mwenye kichocho cha muda mfupi, ukuta wa utumbo wake huonekana mwekundu, umevimba, unatoka damu ukiguswa. Aliyekaa nacho kwa muda mrefu ana picha nyingine: chembe ndogo za manjano zilizotawanyika, madoa yaliyopauka, wakati mwingine vinyama vinavyoning'inia ambavyo mtu anaweza kudhani ni mwanzo wa saratani. Mabadiliko haya hukaa zaidi kwenye rektamu na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Lakini hakuna hata moja kati ya dalili hizo ambayo ni ya kichocho peke yake. Ndiyo maana daktari hupitisha koleo dogo ndani ya mpira huohuo na kunyofoa vipande vya nyama vya ukubwa wa punje. Kamera humwonyesha pa kunyofoa. Jibu liko kwenye darubini.

Na hapa napenda kuisifu mbinu ya zamani ambayo vifaa vipya vimeifunika. Miongo mingi kabla ya skrini za rangi, madaktari wa nchi za joto walitumia bomba fupi tu lenye taa kufikia rektamu, wakanyofoa kipande cha ngozi ya ndani, wakakibana kati ya vioo viwili na kukitazama kikiwa kibichi. Hakihitaji nta, rangi wala mtaalamu wa patholojia aliyeko jiji jingine. Mayai ya kichocho huonekana waziwazi, na kama yai lina uhai au la, fundi wa maabara mzoefu anaweza kutambua. Hilo la uhai lina uzito mkubwa, kwa kuwa yai lililokufa na kugeuka chokaa linasema tu kwamba mtu aliwahi kuugua. Yai lililo hai linasema bado kuna minyoo inayotaga.

Umbo la yai nalo linazungumza. La kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, la kichocho cha mkojo lina mwiba mkiani. Wengi hushangaa kusikia kwamba mayai ya kichocho cha mkojo nayo hupatikana kwenye rektamu, lakini hupatikana. Kwa hospitali iliyo kati ya ziwa na malambo, mwiba huo ni ramani: unaonyesha mgonjwa aliingia kwenye maji ya aina gani. Mayai haya hujitokeza hata pasipotarajiwa. Mwanza imewahi kuripotiwa habari ya kidole tumbo kilichopasuka, na kilipochunguzwa kikakutwa na mayai ya kichocho.

Ili kuyaona haya yote, ilibidi kwanza watu wafe. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliwapata minyoo hawa mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti, wakiwa ndani ya mshipa mkubwa wa ini. Miaka 17 baadaye Mjerumani mwingine, Adolf Kussmaul, alitazama tumbo la mtu aliye hai kwa kumtumia mwanamazingaombwe aliyezoea kumeza upanga, kwa sababu bomba lake lilikuwa chuma kilichonyooka na nani mwingine angeweza kulimeza? Mpira unaopinda ulikuja mwaka 1957, kazi ya Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, Marekani. Tangu hapo tumbo la mtu hai limekuwa kitabu kilicho wazi, ila msomaji wake lazima ajue lugha iliyoandikwa humo.

Maana wapo wasioijua. Mhamiaji kutoka Kanda ya Ziwa anayeishi Ulaya au Marekani akianza kutoa damu chooni, daktari wa huko hufikiria kwanza saratani, halafu ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo na kuujaza vidonda. Anaamuru kolonoskopi, nayo inaonyesha wekundu, uvimbe na vidonda. Picha inafanana kabisa na anachokidhania. Asipouliza mgonjwa alikulia wapi na alioga wapi, na mtaalamu wa patholojia asipoambiwa atafute mayai, ugonjwa wa Ziwa Victoria unapewa jina la ugonjwa wa Ulaya. Mgonjwa mwenyewe hasemi kwa sababu ameshasahau. Aliondoka Busega akiwa na miaka 15. Lakini mnyoo hausahau: madaktari wameshaandika visa vya maambukizi hai yaliyogundulika zaidi ya miaka 30 baada ya mtu kuhama.

Kosa la namna hiyo linaweza kuua, na kwa njia ambayo kila daktari anapaswa kuitafakari kwanza. Ugonjwa wa kinga kushambulia utumbo hutibiwa kwa dawa za steroidi, ambazo hushusha ulinzi wa mwili. Kumpa steroidi mtu ambaye vidonda vyake vimesababishwa na amiba, kimelea kingine cha utumbo, ni kumfungulia amiba mlango. Utumbo unaweza kutoboka. Kumpa mwenye strongiloidi, mnyoo mdogo unaojificha kwenye utumbo mwembamba kwa miongo bila dalili, kunaweza kuifanya minyoo hiyo izaliane na kusambaa mwili mzima. Vidonda vya amiba na vya ugonjwa huo wa kinga, kwa jicho la kamera peke yake, hukaribiana mno. Hapo tena kinachookoa ni nyama iliyopelekwa maabara, pamoja na yale maswali mawili.

Minyoo mingine huondoa ubishi wote kwa kujionyesha yenyewe. Askarisi, yule mnyoo mrefu mviringo wa tumboni, amekutwa mara nyingi akijikunja mbele ya kamera kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mnyoo wa safura huonekana akiwa ameng'ata ukuta, na kidonda kidogo cha damu kando yake. Mnyoo mjeledi huzamisha kichwa chake chembamba kwenye utumbo mpana na kuacha mkia ukining'inia. Daktari humnyofoa kwa koleo na uchunguzi umekwisha. Kichocho hakimpi mtu bahati hiyo, maana kinaishi ndani ya mishipa ya damu, upande wa pili wa ukuta.

Wala si ugonjwa wa Waafrika pekee, kama baadhi ya madaktari wa ng'ambo walivyozoea kuamini. Mwaka 2014 iligundulika kwamba watu waliooga katika mto Cavu, kisiwani Corsica, Ufaransa, walikuwa wameambukizwa kichocho cha mkojo. Baadhi yao hawakuwahi kukanyaga Afrika.

Turudi Bariadi. Mtu mwenye maumivu ya tumbo, kuharisha damu mara kwa mara, uchovu usioeleweka, je, aende kutafuta kamera? Kwa maoni yangu, hapana, si kwanza. Aanze na kopo la choo. Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Kato-Katz, kilichobuniwa na Mjapani Kato na kuboreshwa na Mbrazili Katz mwaka 1972. Fundi huchuja kinyesi, hujaza tundu dogo la kibao linalobeba miligramu 41.7, huhesabu mayai kwenye darubini, huzidisha kwa 24 na kupata idadi ya mayai kwa gramu. Chini ya 100 ni maambukizi mepesi. 400 na kuendelea ni mazito. Gharama yake ni ndogo na stadi zake zinafundishika.

Udhaifu wake ni kwamba mayai hayatoki sawasawa kila siku, na mwenye minyoo michache anaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana wataalamu hutaka choo cha zaidi ya siku moja. Kipo pia kipimo cha mkojo cha kadi, kinachonasa mabaki ambayo mnyoo hai huyatapika kwenye damu, na majibu yake hutoka kwa muda wa kunywa chai. Kwa ini kuna ultrasaundi, ambayo haiingizwi popote mwilini na huonyesha makovu kabla hayajamfikisha mtu kwenye kutapika damu. Miaka ya 1990 watafiti waliibeba mashine hiyo hadi kisiwani Ukerewe, wakaona kwa macho yao jinsi maini ya watu wa ziwani yalivyokuwa yameumizwa. Kwa mkoa kama Simiyu, mashine ya ultrasaundi na mtu aliyefundishwa kuyatambua makovu hayo ni ununuzi wenye akili kuliko kolonoskopi tatu.

Kamera ina kazi zake ambazo hakuna kingine kinachoweza kuzifanya. Kazi ya kwanza ni kutibu. Mishipa ya umio iliyovimba hufungwa kwa vipete vya mpira vinavyopelekwa na kamera hiyohiyo, kimoja baada ya kingine, na zoezi hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa inywee. Wengi hupewa pia vidonge vya propranololi vya kupunguza shinikizo. Hapa mwenye kichocho ana nafasi ambayo mlevi mwenye ini lililosinyaa hana. Kichocho hulizungushia ini makovu, lakini chembe zake za kazi hubaki nzima kwa muda mrefu. Damu ikizuiwa kwa wakati, mtu anaweza kuishi miaka mingi. Kazi ya pili ni kumtofautisha mwenye kichocho na mwenye saratani, pale damu ya chooni inapoendelea ingawa dawa zimeshamezwa. Kwa watu wenye umri uliosogea hilo si la kupuuza hata siku moja, na kosa la kila mtu wa ziwani kuambiwa ni kichocho ni baya sawa na kosa la yule daktari wa Ulaya.

Kinachoumiza zaidi ni udogo wa bei ya dawa ambayo ingezuia yote haya. Prazikwanteli humezwa mara moja, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili; mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikiitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Haiyeyushi makovu makongwe, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho akirudi majini, lakini inaua minyoo na kusimamisha utagaji. Kwa watoto, hata makovu mapya ya ini huweza kupungua.

Nchini, kingatiba imekuwa ikitolewa shuleni kwa kutumia ile fimbo ya kupimia urefu inayomweleza mwalimu mtoto ameze vidonge vingapi. Mpango huo umefanya kazi kubwa, na haukuwa rahisi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi walivamia shule baada ya uvumi kuenea kwamba dawa inaua watoto. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo: prazikwanteli ni chungu, na ikimezwa na mtoto mwenye njaa na minyoo mingi humletea kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Uji kabla ya dawa ungezima nusu ya uvumi.

Lakini tazama tena wale wagonjwa wa Bugando. Walikuwa watu wazima. Kingatiba ya shuleni haimfikii mvuvi, mchimba mchanga, mwanamke anayefua, mpanda mpunga, wala kijana aliyeacha shule darasa la nne. Hawa ndio wanaorudi majini kila siku na ndio wanaorudisha mayai majini. Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, likataka jamii yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi itibiwe yote, kuanzia watoto wa miaka miwili hadi watu wazima. Hata wadogo kabisa sasa wana kidonge chao kinachoyeyuka kwenye maji, kilichopata maoni mazuri ya Shirika la Dawa la Ulaya Desemba 2023. Mwongozo upo, dawa ipo. Kupeleka fimbo ile mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi, ni suala la mpango na posho.

Kisha kuna maji. Mradi mkubwa wa Simiyu wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, unakusudia kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi wilaya zote tano za mkoa. Wengi wanauhesabu kuwa mradi wa kiu na ukame. Mimi nauhesabu pia kuwa mradi wa ini. Mama mwenye bomba uani hana sababu ya kusimama lamboni saa sita mchana. Ila bomba peke yake halimzuii mtoto kuogelea wala mvuvi kujisaidia vichakani kando ya maji, kwa hiyo vyoo vya mialoni vinastahili bajeti inayolingana na ya mabomba.

Kuna imani inayoua watu kimyakimya huku kwetu: tumbo likivimba na mtu akitapika damu, amelishwa kitu, au ametupiwa. Familia inauza ng'ombe, inamzungusha kwa waganga, na akifika hospitali amebaki na damu ya kumwezesha kuongea tu. Sina ugomvi na anayetaka kwenda kwa mganga kwa mambo yake mengine. Kutapika damu si mojawapo.

Basi wewe uliyekulia Lamadi, Nyashimo, Ukerewe au popote kando ya ziwa, hata kama leo unaishi Dar es Salaam, Muscat au London, ukimwona daktari kwa tatizo la tumbo usingoje akuulize. Mwambie ulikulia wapi na ulioga wapi, na umwombe aandike kipimo cha choo cha kichocho. Ukiona damu chooni baada ya kutibiwa, rudi, udai kamera. Ukitapika damu, usisubiri kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo, na uende na ndugu wawili walio tayari kutoa damu.